Kwa nini tunaacha kusoma mara tunapomaliza mitihani?

Mkazi wa Ihumwa ameuliza:

Wanajukwaa, salaam. Naomba tujadili jambo ambalo husemwa sana kwa maneno ya jumla, kwamba Watanzania hatusomi, lakini ni nadra kuulizwa lilianzaje na linatugharimu nini hasa. Ninaishi Ihumwa, jirani na Mji wa Serikali wa Mtumba, mahali ambapo kila asubuhi hupita magari yaliyojaa watu wenye shahada moja, mbili na hata tatu. Hapahapa Ihumwa ndiko alikotoka Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, mshairi aliyeukuza utanzu wa ngonjera na aliyeandika historia ya Wagogo iliyochapishwa mwaka 1954. Nimewauliza majirani na wenzangu kazini kama wamewahi kusoma chochote alichokiandika. Wazee wachache wanalikumbuka jina. Kijana mmoja mwenye shahada ya uzamili aliniuliza kama alikuwa mbunge wa zamani.

Sishangai kwamba hawajamsoma yeye, kwa sababu vitabu vyake si rahisi kuvipata. Kinachonisumbua ni kwamba nilipouliza wamesoma kitabu gani kingine tangu walipohitimu, wengi walitaja kile walichosomea mtihani wao wa mwisho. Hawa si watu wasiojua kusoma. Kazini wanasoma majalada na barua pepe kutwa nzima. Lakini kuketi na kuandamana na maandishi marefu bila kushurutishwa na mtu ni jambo ambalo limetoka kabisa katika maisha yao, na hawaoni kwamba limetoka.

Maswali yangu ni mawili. Je, tuliwahi kuwa na mazoea ya kujisomea yakapotea, au hayakuwahi kuota mizizi? Na madhara yake tunayaona wapi, tukiiweka kando ile kauli ya kwamba taifa lisilosoma haliwezi kuendelea, ambayo kila mgeni rasmi huitoa kwenye mahafali kisha akapanda gari lake akaondoka?

Mratibu Mstaafu, Kongwa, amejibu:

Ndugu Mkazi wa Ihumwa, swali lako la kwanza lina jibu, na jibu hilo baadhi yetu tulilishuhudia tukiwa kazini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na baadaye mratibu wa elimu ya watu wazima, kwa hiyo utaniwia radhi nikirefusha.

Mwaka 1967 takriban watu wazima 67 katika kila 100 nchini walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada ya hapo nchi nzima iliingia darasani: chini ya miembe na mibuyu, kwenye magodauni ya vyama vya ushirika, kwenye makanisa na misikiti siku zisizo za ibada. Mtihani wa kisomo wa kitaifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki asilimia 39, na ule wa mwaka 1986 ulionyesha asilimia 9.6. Hayo ni mafanikio ambayo nchi nyingi zilikuja kujifunza kwetu, na sipendi yanaposimuliwa kana kwamba yalikuwa propaganda tupu.

Kilichofanya kisomo kile kishike ni kwamba maandishi yalikuwa na kazi. Vitabu vya kisomo viliandikwa kwa kufuata shughuli za watu, huku pamba, kule kahawa au migomba, kwingine mifugo, na mtu alijifunza herufi kupitia jambo alilokwenda kulifanya kesho yake shambani. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu karibu milioni 2 walikaa katika vikundi, redio ikizungumza, kitabu kikasomwa kwa sauti na mmoja wao, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Ukiniuliza ni lini Watanzania wa vijijini walisoma kwa bidii, nitakuelekeza kwenye miaka ile.

Tatizo lilianza pale mwanakisomo alipofaulu. Alipewa cheti, akarudi nyumbani, na nyumbani hapakuwa na kitu cha kusoma. Mwishoni mwa miaka ya 1970 tulitoka katika vita vya Kagera, fedha za kigeni zikawa haba, na karatasi nayo ikawa haba. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kule Mufindi kilianza uzalishaji mwaka 1985, wakati magazeti ya vijijini yameshadhoofika na maktaba nyingi za vijiji zimebaki makabati yenye vitabu vilevile vya miaka kumi iliyopita, vingine vikiwa vimeliwa na mchwa. Walimu wa kujitolea waliokuwa wakilipwa posho ndogo waliacha kulipwa, nao wakaacha kufundisha, siwezi kuwalaumu. Sensa ya mwaka 2012 ilipokuja kuonyesha kwamba wanaojua kusoma na kuandika ni takriban asilimia 78 ya watu wazima, sisi wa idara ile hatukuhitaji kuelezwa sababu, kwa maana mtu mzima asiyesoma chochote kwa miaka mingi husahau.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mazoea yalikuwa yameanza, yakafikia hatua ambayo mche huhitaji maji zaidi, na maji yakakatwa. Kizazi kilichofuata kilikulia katika nyumba ambazo kitabu pekee kilikuwa Biblia, Kurani au daftari la shule, na kikajifunza kwamba kusoma ni shughuli ya mtihani.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu amejibu:

Shikamoo Mwalimu, na asante kwa historia ambayo sikuwahi kufundishwa. Ninasoma hapa Dodoma na ninakubaliana na sentensi yako ya mwisho kwa sababu hata chuoni hali ni hiyohiyo. Mhadhiri hutoa orodha ya vitabu mwanzoni mwa muhula, nasi tunatafuta madesa, yaani nakala za nukuu za masomo, ya waliotutangulia na mitihani iliyopita. Mtu anaweza kuhitimu kwa daraja zuri bila kusoma kitabu kimoja kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma, na wengine huona fahari kulisema hilo.

Hata hivyo ningependa wakubwa wetu wasituone wavivu tu. Wengi wetu tulisoma kwa Kiswahili miaka saba, tukaingia kidato cha kwanza tukakuta kila kitu ni kwa Kiingereza, na tangu siku hiyo kusoma kukawa ni kupambana na maneno badala ya kufuatilia hoja. Mtu aliyekariri kwa miaka sita ya sekondari ili avuke, huwezi kumgeuza kuwa msomaji kwa kumwonyesha mlango wa maktaba. Na tatizo linaanzia chini zaidi, kwa sababu tathmini za shirika la Uwezo, lililopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, zilizoanza mwaka 2010 zilionyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Hao wa wakati ule sasa ni watu wazima, na baadhi yao tunakaa nao kwenye mihadhara.

Mtumishi, Chamwino, amejibu:

Mimi naona tunajitafutia maradhi yasiyokuwepo. Sisi ni watu wa kusikia na kusimulia. Mgogo alihifadhi historia yake katika nyimbo na zeze, na hakuna kilichoharibika. Leo vijana wanajifunza kwa video na kwa sauti, na taarifa zinawafikia kwa haraka kuliko zamani. Kila mtu aliyewahi kukaa mbele ya redio asubuhi akisomewa magazeti yote ya siku hiyo kwa nusu saa anajua kwamba si lazima uyanunue ili uelimike. Kwa nini tung'ang'anie karatasi?

Wakili, Makole, amejibu:

Ndugu yangu wa Chamwino, hoja yako ina mvuto, lakini njoo ofisini kwangu siku moja ukae kwenye benchi uwasikilize wateja. Nitalijibu swali la pili la mwanzisha mada kwa yale ninayoyaona, bila kumtaja mhusika yeyote.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, ardhi ya vijiji na mitaa ya pembezoni mwa jiji imeuzwa na kununuliwa kwa namna ambayo haijawahi kuonekana hapa. Kesi ninazoletewa zina sura moja. Mzee ameuza sehemu ya shamba lake, mnunuzi amekuja na karatasi mbili zilizochapwa, karatasi hizo zikasomwa kwa haraka na mtu aliyeletwa na mnunuzi, mzee akatia saini. Baada ya miezi kadhaa mabango yanasimikwa shamba zima. Ninapomwuliza mzee kama anajua kusoma, hunijibu kwa heshima kwamba anajua, na ni kweli anajua. Alipita kisomo cha Mwalimu hapo juu. Nikimwuliza kwa nini hakusoma, husema alisomewa. Mkataba ulikuwa kwa Kiswahili, na mipaka iliyoandikwa ilikuwa ya shamba lote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka utaratibu ambao halmashauri ya kijiji hupaswa kuhusika, lakini utaratibu huo humlinda aliyeufahamu kabla ya kusaini, na anayekuja kuufahamu mezani kwangu mara nyingi amechelewa.

Msidhani ni wazee wa vijijini pekee. Watumishi wenye shahada wanakopa kwa wale wakopeshaji tunaowaita kausha damu na kuacha kadi ya benki pamoja na namba ya siri kama dhamana. Fomu inasema riba ni asilimia 20 kwa mwezi. Mkopaji amesoma asilimia 20, hakufika kwenye maneno mawili yanayofuata. Kwa mkopo wa shilingi 1,000,000, riba ya miezi sita pekee ni shilingi 1,200,000, na hapo mtaji haujaguswa. Nimekutana na mhasibu aliyeingia katika mtego huo. Hakukosa hesabu hata kidogo, ila alikosa uvumilivu wa kumaliza ukurasa mmoja wenye maandishi madogo, na uvumilivu huo ni wa mazoezi, haununuliwi siku ya shida.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, jambo ambalo wengi wetu tulilidai kwa miaka mingi. Nililipokea kwa furaha, lakini sheria iliyotafsiriwa ikakosa msomaji humfaa yuleyule aliyekuwa akiisoma kwa Kiingereza.

Na kuhusu kusomewa magazeti redioni, hebu tuwe wakweli. Kinachosomwa pale ni vichwa vya habari na aya mbili za mwanzo, na aya ya kumi na tano, ambayo ndiyo yenye jina la aliyelipwa, haisomwi. Tatizo la kusomewa ni kwamba msomaji ndiye anayechagua mahali pa kuishia.

Muuza Vitabu, Majengo, amejibu:

Nimefuatilia mjadala huu kwa hamu, na ningependa kuutetea umma kidogo, kwa sababu mimi ndiye ninayekaa na vitabu visivyonunuliwa na bado siamini kwamba watu wamekataa kusoma.

Kwanza mfahamu soko linavyokwenda. Mwaka 1991 wachapishaji binafsi walifunguliwa mlango wa kuchapa vitabu vya kiada, na faida ya kiada ndiyo iliyowawezesha kuthubutu kuchapa riwaya, ushairi na vitabu vya watoto, ambavyo huuzika polepole. Mwaka 2013 palizuka mjadala mkali Bungeni, hapahapa Dodoma, kuhusu vitabu vya shule vyenye makosa ya aibu, na makosa yalikuwepo kweli. Kamati iliyokuwa ikiidhinisha vitabu ikavunjwa, na kazi ya kuandaa na kuchapa kiada ikarudi kwa Taasisi ya Elimu. Sibishani na uamuzi huo kwa upande wa shule; kitabu kimoja kwa nchi nzima kina faida zake. Lakini mchapishaji aliyepoteza kiada alipunguza riwaya, na duka lililotegemea wazazi kuja Januari kununua kiada, kisha wakaondoka na hadithi moja ya mtoto, lilipoteza wazazi hao. Leo ukizunguka mjini utakuta steshenari nyingi zenye daftari, kalamu na mashine ya kutolea nakala, na duka la vitabu hasa utalitafuta.

Pili, nendeni kwenye simu. Kuna waandishi wa Kiswahili ambao hawana kitabu hata kimoja dukani kwangu lakini wana wasomaji wengi kwenye Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp. Wanatoa sehemu za mwanzo bure, hadithi ikifika patamu wanasimama, na anayetaka kuendelea hutuma pesa kwa simu. Watu wanalipa! Dada wa saluni na dereva wa bodaboda wanasoma riwaya ndefu kwa vipande, kila siku, kwa hiari yao. Ndiyo, nyingi zina mapenzi kupita kiasi na tahajia yake inaumiza macho, lakini hata zile hadithi za upelelezi zilizopendwa miaka ya 1970 na 1980 zilisemwa vibaya na wasomi wa wakati ule, na ndizo zilizowafundisha baba zetu kusoma hadi usiku wa manane.

Nakubali kwamba kipande cha dakika tano si sawa na kitabu. Ninapopanda treni ya SGR kwenda Dar es Salaam kufuata mzigo, ninakaa kwenye kiti kwa saa nne hivi, hakuna mashimo wala vumbi, taa nzuri, meza mbele yangu. Sijui mahali pazuri zaidi pa kusomea katika nchi hii. Ukitazama behewa zima, kila mtu ameinamia simu na kidole kinapandisha video moja baada ya nyingine. Kwa hiyo siwezi kusema simu ni rafiki wa kitabu. Ninachosema ni kwamba hamu ya hadithi ipo, na wanaoihudumia ni waandishi wasio na mhariri, wasio na mchapishaji na wasiotambuliwa na mtu yeyote.

Mkazi wa Ihumwa ameandika tena:

Nawashukuru sana, hasa Mwalimu na Wakili. Nimejibu mambo mawili kichwani mwangu kutokana na maelezo yenu, na limebaki moja.

La kwanza ni kwamba hali yetu haifanani na ya nchi tajiri, ingawa tunapenda kuzitumia kama kioo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba nchini Marekani watu wanaosoma kwa kujifurahisha katika siku ya kawaida walipungua kutoka asilimia 28 mwaka 2004 hadi asilimia 16 mwaka 2023. Wao wamepungukiwa na kitu walichokuwa nacho, huku maktaba na maduka yakiwa bado wazi. Sisi simu imetukuta kabla rafu ya vitabu haijafika sebuleni, kwa hiyo ushauri wa kuzima simu, ambao huko una maana, hapa unamwacha mtu na chumba kitupu.

La pili ni kwa ndugu yangu wa Chamwino, ambaye nadhani ametenganisha vitu vilivyokuwa pamoja. Ngonjera za Mnyampala ziliandikwa kwenye karatasi ili zisemwe mbele ya watu. Watoto wa shule walizisoma, wakazikariri, wakazitamba kwenye mikutano, na wasiojua kusoma wakazisikia. Kikundi cha Mtu ni Afya kilikuwa na redio, kitabu na mazungumzo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo utamaduni wa masimulizi haukuwahi kuwa kikwazo. Ni sisi tunaoutumia leo kama udhuru.

Lililobaki ni hili. Katika mtaa wetu tuna chumba kimoja kinachoweza kutumika, na nimezungumza na baadhi ya majirani kuhusu kuanzisha mahali pa kujisomea. Wote wamependekeza tuombe msaada wa vitabu kutoka nje. Mwalimu, ungekuwa wewe ungeanza na nini?

Mratibu Mstaafu, Kongwa, amejibu:

Usianze na maboksi ya msaada. Nimeyafungua mengi maishani mwangu: vitabu vya kompyuta vya miaka ishirini iliyopita, ensaiklopidia zenye juzuu pungufu, na hadithi za watoto wanaocheza kwenye theluji. Vinajaza rafu na kuwafukuza watu.

Mimi ningeanza na karatasi ambazo tayari zinawahusu. Mapato na matumizi hupaswa kuwasilishwa kwa wananchi kila baada ya miezi mitatu. Kwa kawaida mtendaji huyasoma kwa sauti, watu hupiga makofi, na karatasi hurudi kwenye jalada. Ombeni nakala, mbandike ukutani katika chumba hicho, na muiache hapo wiki mbili kabla ya mkutano unaofuata. Wekeni nakala ya Sheria ya Ardhi, na Wakili nadhani hatakataa kuja jioni moja kusoma nanyi mkataba wa mauzo wa mfano, kifungu kwa kifungu, kila mtu akiwa na nakala yake mkononi. Wekeni gazeti la siku, hata likiwa moja. Kisha mwone muuza vitabu wa Majengo awape hadithi za Kiswahili anazoshindwa kuziuza, mkubaliane bei, na msiwabague watoto wala msiwakemee wanaocheka wakisoma. Maktaba ya mkoa nayo ipo hapo mjini. Nendeni mkazungumze na wakutubi kabla hamjanunua hata rafu.

Jambo moja la utaratibu: mpateni mtu wa kufungua mlango jioni, baada ya saa kumi na moja, kwa sababu vyumba vingi vya namna hii nilivyovijua vilifunguliwa asubuhi, wakati watu wako shambani na kazini.

Wakili, Makole, amejibu:

Nitakuja. Jumamosi jioni zinanifaa zaidi, na nitaleta mikataba mitatu iliyoondolewa majina. Naomba tu nakala zitolewe mapema na wahudhuriaji wazipate siku mbili kabla, kwa kuwa sitaisoma kwa niaba yao.

Mtumishi, Chamwino, amejibu:

Bado sijakubali yote, lakini nami nitakuja kusikiliza.

Wakili, Makole, amejibu:

Utapewa nakala yako, ndugu yangu.